Miguu Yake Ilikuwa ya Njano

Jumatano, 24 Agosti 1983

Ninaandika haya nikiwa bado nimevaa buti, na sijafungua kitabu chochote cha ndege. Ndiyo sheria aliyoniachia marehemu Maud: andika ulichokiona, kichore, halafu ndipo ufungue kitabu. Ukianza na kitabu, macho yataona kilichochapwa badala ya kilicho mbele yako.

Jumatano maduka yote ya Holmsey, mji wetu mdogo wa pwani, hufungwa saa saba mchana. Nilimpa mteja wa mwisho dawa yake ya kikohozi, nikageuza kibao cha mlangoni, na saa nane nilikuwa nimeketi peke yangu katika kibanda cha kutazamia ndege, dirisha wazi, darubini juu ya miguu yake mitatu. Bahari ilikuwa imejaa mpaka kwenye majani. Ndege wanaolisha topeni walikuwa wamefukuzwa na maji, wote wamekuja kwenye dimbwi la maji matamu mbele ya kibanda, kuoga na kusubiri.

Katikati yao alikuwapo chamchanga mmoja mdogo mno, wa kimo cha shomoro. Mgongo wa kahawia wenye mistari, kifua kama kimemwagikiwa chai, mdomo mwembamba ulioinama kidogo nchani. Alitembea amejikunja, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Na miguu yake ilikuwa ya njano. Si kahawia, si kijani. Njano ya haradali. Alioga, akasimama juu ya jiwe, akainua mguu mmoja kujikuna shavu, nikauona wote mpaka kwenye kucha.

Nimefungua kitabu sasa. Ndiye. Chamchanga kibete wa Marekani, ambaye upepo humtupa upande wetu wa bahari mara chache sana. Yuko mwingine wa huku kwetu mwenye miguu inayofanana, lakini huyo mgongo wake hauna hata mstari mmoja, umekaa kama joho la padri. Wangu alikuwa na mistari. Katika orodha ya klabu yetu ya watazama ndege hayumo, hajawahi kuwamo.

Kabla ya kuondoka niliandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni, kama anavyofanya kila mmoja wetu: ndege, idadi, jina. Halafu nikampigia simu Desmond Harbord, mwenyekiti wa klabu. Alikuwa mezani, nilisikia uma ukigonga sahani. Akasema watakuja kesho jioni wakitoka kazini. Prudence, mdogo wangu, ameuliza kama ndege huyo analiwa.

Alhamisi, 25 Agosti

Walikuja saa kumi na mbili jioni, wanaume watano na darubini zao. Desmond alikaa kwenye kiti chake cha kawaida, kile cha katikati, ambacho hata asipokuwapo hakuna anayekikalia. Alikuwa meneja wa benki kabla ya kustaafu na bado anatazama kila kitu kama kimeomba mkopo. Kando yake alikaa Ray Pettit, fundi bomba, ambaye hajawahi kuacha neno lipite bila kulifanyia mzaha.

Bahari ilikuwa imekupwa na dimbwi lilikuwa tupu. Nilimkuta ndege wangu mbali, kwenye mfereji wa tope jeusi, akitembea vilevile amejikunja. Nikawaonyesha. Kwetu hakuna anayesema kabla ya Desmond.

"Miguu myeusi, Bi Enid," alisema mwishowe. "Huyu ni chamchanga mdogo wa kawaida. Tunaye kila mwaka."

"Labda jana alivaa soksi," Ray akadakia, na wote wakacheka.

Nilitazama katika darubini ya Desmond, halafu katika yangu. Ilikuwa myeusi kweli. Desmond alipotoka alifuta mstari wangu ubaoni kwa pindo la koti na kuandika ndege wa kawaida badala yake. Hakufanya kwa chuki. Alifuta kama mtu anayefuta makombo mezani, na hilo ndilo lililonichoma.

Ijumaa, 26 Agosti

Mvua. Nimepanga chupa za dawa kwenye rafu na kuzipanga upya. Nilichokiona nilikiona.

Jumapili, 28 Agosti

Nimekwenda asubuhi. Ndege hakuonekana. Nimeandika tena ubaoni: chamchanga kibete wa Marekani, mmoja, tarehe 24, E. Catchpole.

Jumatano, 31 Agosti

Imefutwa. Nimeandika.

Jumapili, 4 Septemba

Imefutwa. Nimeandika kwa herufi kubwa zaidi. Nimemwona ndege mbali, kwenye mfereji uleule. Miguu myeusi. Lakini ule mwendo si wa ndege wa kawaida. Wa kawaida hukimbia ameinua kichwa kama karani aliyechelewa. Huyu anatambaa. Nimewaambia wawili waliokuwapo, wakaitikia kwa vichwa, kwa adabu. Ningependa zaidi wanibishie.

Jumatano, 7 Septemba

Ray alikuja dukani kabla sijafunga, akanunua panadol. Aliufungua mkono akazitazama.

"Una uhakika hizi ni nyeupe, Bi Enid? Maana wengine tunaweza kuziona nyeusi."

Wanawake wawili waliokuwa foleni walicheka ingawa hawajui chamchanga ni kitu gani. Kwa hiyo habari imefika mpaka kwa wasioijua. Nilimwambia Ray azimeze na maji mengi, na akiona miguu yake inabadilika rangi arudi.

Nilicheka naye, nikafunga mlango, kisha nikakaa nyuma ya kaunta bila kuwasha taa. Wananiita mzushi. Hawajalitamka mbele yangu, lakini najua jinsi watu wanavyonyamaza unapoingia. Kwetu sisi watazama ndege hakuna jina baya kuliko hilo. Mwizi akifungwa atatoka. Mzushi hatoki. Akisema ameona shakwe watu watatazama juu kuhakikisha.

Jumapili, 11 Septemba

Imefutwa. Nimeandika.

Jumatano, 14 Septemba

Leo nitaandika kirefu maana nina hasira.

Desmond alikuja kuchukua dawa zake za shinikizo la damu. Alisubiri duka liwe tupu, akavua kofia. Ndipo nilipojua kwamba amekuja kwa ajili ya jambo jingine.

Alisema kamati ya klabu itakaa Oktoba kupitisha orodha ya mwaka. Alisema ndege wangu hatapita, hilo nilielewe. Lakini nikimwondoa mwenyewe, kimyakimya, kama mtu aliyejikwaa na kuinuka, mambo yataishia hapo. Nikikaidi, kamati italazimika kujiuliza kuhusu mengine niliyowahi kuandika. Ndio utaratibu. Mtu akikutwa na noti moja bandia, alisema, wanahesabu pochi yote.

"Hata ya mwaka sabini na moja?" nikamuuliza.

Akageuza kofia yake mikononi. "Hata hiyo."

Yeye anajua anachosema. Januari 1971, katika baridi iliyogandisha mfereji, kozi mweupe wa kaskazini, ndege mwindaji, alitua juu ya nguzo ya uzio, na Maud na mimi tulikuwa peke yetu kibandani. Maud alinishika mkono na hakuuachia mpaka ndege aliporuka. Klabu ilikubali neno letu. Katika kitabu cha mwaka ule imechapwa: Maud Larter na Enid Catchpole. Tuliishi nyumba moja miaka kumi na minne, na hapo ndipo mahali pekee duniani majina yetu mawili yamechapwa pamoja. Hata kwenye kaburi lake, kando ya jina lake kuna majina ya kaka zake tu.

Nilimhesabia Desmond vidonge vyake. Nikamwambia ale chakula kwanza, na bia aisahau kabisa, daktari hakuandika kwa mzaha. Akasema anajua. Nikamwambia siwezi kula matapishi yangu. Akavaa kofia akaondoka.

Prudence amenisikiliza usiku wote huku akifuma. Mwishowe akasema, "Dada, ni kindege. Hata hakikujui jina. Mfute yeye, umbakishe Maud."

Hilo ndilo linaloniudhi zaidi ya yote, kwamba ana hoja.

Alhamisi, 15 Septemba

Nimeinua simu kumpigia Desmond. Nimeirudisha.

Jumapili, 18 Septemba

Nimeinua tena, nikapiga namba mbili za mwanzo. Halafu nikamsikia Maud kichwani, si kwa mizimu wala ndoto, bali kama unavyokumbuka mtu uliyekula naye kila siku. Angeuliza jambo moja tu: miguu ilikuwa ya rangi gani?

Nikaenda kibandani. Imefutwa. Nimeandika.

Jumatano, 21 Septemba

Upepo mkali, duka limejaa mafua. Sikwenda.

Jumapili, 25 Septemba

Dhoruba. Maji yamejaa kupita kiasi lakini hakuna ndege hata mmoja aliyethubutu kukaa wazi. Nimelowa mpaka mifupa. Mvua imefuta ubao yenyewe, kwa hiyo leo simlaumu mtu. Nimeandika chini ya mwavuli.

Jumatano, 28 Septemba

Mungu anisamehe kwa upumbavu wangu, na awasamehe wale watano kwa wa kwao.

Nilikuwa kibandani, bahari imekupwa, nakula mkate wangu wa jibini. Akatoka mferejini chamchanga miguu-myekundu, ndege ambaye hata mtoto wa Holmsey anamjua, yule mpiga kelele. Tunamwita hivyo kwa sababu miguu yake ni myekundu kama nyanya. Naye alikuwa na miguu myeusi.

Niliweka mkate chini. Alikuwa amepakwa tope la mfereji mpaka juu ya magoti, tope lile jeusi linalonata kama lami, ambalo hutoka kwenye buti zangu kwa brashi tu. Alitembea ufukweni, akaingia kwenye kijidimbwi kilichobaki, akatoka. Miguu myekundu.

Mfereji. Kila mara walipomtazama ndege wangu alikuwa mferejini. Mimi nilimwona siku bahari ilipojaa ikamtoa huko, akaoga katika maji matamu mbele ya macho yangu. Wao huja jioni wakitoka kazini, au Jumapili asubuhi kabla ya baa kufunguliwa. Miaka yote tumekaa ndani ya kibanda kile tukijadili vivuli vya kahawia kwenye unyoya mmoja, na hakuna kati yetu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyefikiri kwamba ndege anayetembea topeni atakuwa na tope.

Nimetazama ratiba ya maji. Jumapili tarehe tisa Oktoba bahari itajaa kabisa karibu na saa nane mchana. Kama bado yupo.

Jumapili, 2 Oktoba

Bado yupo. Mferejini, miguu myeusi, mchafu kama mtoto wa mwisho. Imefutwa, nimeandika. Ray alikuwapo na hakufanya mzaha, na kwa Ray hiyo ni dalili mbaya. Watu wameanza kunihurumia.

Jumatano, 5 Oktoba

Nimemweleza Prudence habari ya tope. Aliacha kufuma. Akauliza kwa nini siwaambii tu. Nikamwambia nikisema bila kuonyesha, watasema mzushi sasa amezua na tope. Akafikiri, akasema wanaume wangu wa ndege ni wajinga kuliko alivyodhani, na alidhani ni wajinga sana. Ni mara ya kwanza amewaita hivyo kwa ajili yangu.

Jumapili, 9 Oktoba

Nitaandika yote, hata kama mkono utauma.

Nilifika saa nne asubuhi. Walikuwapo wote watano. Ndege wangu alikuwa mferejini, mbali, miguu myeusi. Desmond alimtazama kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kutoa hukumu. Nikawaambia kwamba bahari ikijaa atakuja dimbwini, ataoga, na wataona. Nikawaeleza habari ya tope na chamchanga miguu-myekundu. Walisikiliza. Mmoja alikohoa.

Ilipokaribia saa sita walianza kukunja vyombo. Jumapili baa inafunguliwa saa sita na kufungwa saa nane, na hakuna nguvu duniani inayoweza kuwatenga watu wa Holmsey na saa mbili hizo. Niliwaambia bia itakuwapo Jumapili ijayo, ndege huenda asiwepo.

"Bi Enid," Ray akasema, "ndege wako akija mwambie anifuate baa. Nitamnunulia bia ndogo."

Wakatoka. Desmond hakuinuka. Wenzake wakamsubiri mlangoni.

"Nendeni tu," alisema. "Mtu lazima abaki kumchunga Bi Enid asije akazua mwingine."

Wakaondoka wakicheka. Mimi nilijua kwa nini amebaki, na yeye alijua kwamba najua. Nilimhesabia vidonge vyake mwenyewe. Anaona aibu kukaa baa na glasi ya maji mbele ya Ray. Nilimmiminia chai kutoka kwenye themosi yangu, akapokea.

Tulikaa kila mmoja na dirisha lake. Bahari ilipanda kwenye mifereji, tope likazama kidogo kidogo. Ndege wakaanza kuja kwa makundi, wakajaa ukingoni mwa dimbwi wakipigana viwiko. Nilitafuta kila mmoja. Hakuwamo. Niliogopa, nasema kweli. Desmond alitazama saa yake. Halafu nikasikia mlio ule mwembamba, krriip, nao walikuja wawili watatu pamoja wakatua, na wa mwisho alikuwa yeye.

Alitua kwenye maji ya kina kifupi. Akajikunja. Akatumbukiza kifua, akapiga mabawa, maji yakaruka. Akaoga kwa muda mrefu kama mtu mwenye pesa. Kisha akatembea akapanda juu ya jiwe, lilelile la Agosti au jirani yake, akainua mguu mmoja.

Nilimwangalia Desmond. Alikuwa amegandamiza jicho kwenye darubini mpaka shavu limekunjamana. Niliona midomo yake ikisogea bila sauti. Aliangalia, akaondoa jicho, akafuta kioo kwa leso, akaangalia tena. Ndege aliteremsha mguu, akainua wa pili.

"Njano," alisema Desmond.

Hakumwambia mtu yeyote. Alilisema kama anayesoma neno la lugha asiyoijua. Nilijikuta nalia, machozi ya hasira zaidi kuliko ya furaha, nikayafuta kwa glavu kabla hajageuka.

Alipogeuka alikuwa tena meneja wa benki. Akasema kamati inakaa tarehe ishirini na moja. Akasema neno langu limeshachafuka, si haki lakini ndivyo, kwa hiyo njia iliyo salama ni hii: ataandika yeye. Chamchanga kibete wa Marekani, tarehe tisa Oktoba, D. Harbord. Watampitisha bila swali. Ndege ataingia orodhani, mimi nitaondoa langu la Agosti, na ya mwaka sabini na moja haitaguswa. Kila mtu atapata alichotaka.

Na ni kweli, ningepata karibu kila kitu. Maud angebaki salama. Ndege angekuwa orodhani. Ningeweza hata kuwa na amani dukani.

"Hapana," nikamwambia. "Alionekana tarehe ishirini na nne Agosti. Aliyemwona anaitwa Enid Catchpole. Wewe ulimwona pia, tarehe ishirini na tano, ukasema miguu myeusi, ukamfuta kwa pindo la koti. Andika hayo."

"Nikisimama kusema hivyo watanicheka, Enid."

Hakuniita Bi. Nikamwambia kucheka hakuui, mimi nina mwezi mzima nachekwa na nala vizuri. Akakunja stendi ya darubini yake. Mlangoni alisimama mbele ya ubao, mstari wangu wa Jumapili iliyopita haukuwa umefutwa bado. Hakuufuta.

Jumatano, 12 Oktoba

Ndege yupo. Ameoga. Nimekaa naye mpaka giza bila kumwonyesha mtu, na nimefurahi kama mwizi.

Jumapili, 16 Oktoba

Hayupo. Baridi ya kwanza jana usiku. Nimemtafuta mfereji mpaka mfereji. Safari njema, kindege. Mstari umefutwa, nadhani na Ray. Nimeandika.

Ijumaa, 21 Oktoba

Kamati hukaa chumba cha juu cha baa. Nilivaa koti langu la mazishi ya Maud, si kwa huzuni, ni kwa sababu ndilo koti linalonikaa vizuri. Prudence alinisindikiza mpaka mlangoni, akaniambia nisimame wima.

Walipofika kwenye ndege wangu Desmond alisimama. Nilidhani anasimama kuendesha kikao. Uso wake ulikuwa mwekundu. Alisema tarehe tisa Oktoba alibaki kibandani, akamwona ndege akioga, na miguu ilikuwa ya njano. Alisema tarehe ishirini na tano Agosti alitazama tope akadhani ni mguu. Alisema yeye ndiye aliyekosea, na wote pamoja naye, na aliyesema kweli ni Bi Catchpole. Akaketi.

Katika maisha yangu nimesikia hotuba nyingi. Sijasikia fupi kama ile iliyomgharimu mtu kiasi kile.

Halafu nikaona macho ya wale wanne yakikutana. Wao pia walitazama. Wao pia walisema miguu myeusi, wakasimulia baa na nyumbani kwao. Kama Desmond alikosea, basi na wao. Ray akaegemea kiti.

"Mzee Desmond," alisema, "yeye ndiye anakuuzia dawa, sivyo? Hebu tuambie, anakutilia nini humo?"

Kicheko kilipasuka. Hakikuwa kibaya sana mwanzoni, lakini hakikukoma. Mmoja akasema macho ya watu wa umri fulani huona njano kila mahali. Mwingine akasema ukikaa na Bi Enid peke yako saa mbili utaona lolote atakalo. Desmond alijaribu kujibu, wakamwambia kwa upole apumzike, amefanya kazi kubwa miaka mingi, pengine ni wakati wa mtu mwingine kushika uenyekiti. Walimfanyia huruma ileile waliyonifanyia mimi. Nilimwona anavyoipokea, kama mtu anayevikwa koti lisilo lake.

Wakapiga kura. Ndege hakupita. Wakasema na mengine ya E. Catchpole yataangaliwa upya, kuanzia Januari 1971.

Niliinuka. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, mazuri, yote yakapotea. Nikasema tu kwamba siondoi ndege yeyote, si wa mwaka huu wala wa mwaka ule, na kwamba Maud Larter hakuwahi kuona kitu ambacho hakikuwapo. Waondoe wao, kwa mikono yao, na waandike nani ameondoa. Nikashuka ngazi.

Jumamosi, 22 Oktoba

Desmond alikuja dukani. Hakusubiri pawe patupu. Wateja walikuwa watatu, na mmoja alikuwa mke wa Ray.

Nilimpa vidonge vyake. Hakuondoka. Aliweka mikono miwili juu ya kaunta.

"Sasa mtu anafanya nini, Enid?" aliuliza. "Wakishamwita mzushi."

"Anakwenda Jumapili kama kawaida," nikamwambia. "Na anachukua chaki."

Mke wa Ray aliangalia rafu ya dawa za meno kwa bidii kubwa.

Jioni nimekuta juu ya mto wangu boksi zima la chaki, jipya, la duka la vifaa vya shule. Prudence alikuwa jikoni, amepandisha sauti ya redio.

Jumapili, 23 Oktoba

Bahari imejaa mchana, jua dhaifu, hakuna ndege wa maana. Wanne wale walikuwapo wakati naingia, wakajisogeza kwenye benchi kunipa nafasi kubwa kuliko ninayohitaji. Kiti cha katikati kilikuwa kitupu. Hakuna aliyethubutu kukikalia bado, lakini Ray alikuwa amesogea karibu nacho.

Desmond alifika nyuma yangu. Hakwenda kwenye kiti. Alisimama mlangoni mbele ya ubao, ambao ulikuwa umefutwa safi, hata kwa kitambaa chenye maji. Alinyoosha mkono bila kugeuka, nami nikampa chaki. Wote walikuwa wanatazama sasa, darubini zimetelekezwa.

Aliandika kwa ule mwandiko wake wa benki: chamchanga kibete wa Marekani, mmoja, 9 Oktoba, D. Harbord. Akarudi nyuma hatua moja, akangoja. Nadhani alingoja nimshukuru.

"Tarehe si hiyo," nikamwambia. "Na jina la kwanza si lako."

Ray akaanza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye. Desmond alitazama ubao. Akakunja pindo la koti lake ndani ya ngumi, pindo lilelile, akafuta alichoandika yeye mwenyewe. Akaandika upya: 24 Agosti, E. Catchpole. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: D. Harbord, alichelewa.

Nilichukua chaki mkononi mwake. Juu ya mstari ule palikuwa na nafasi, nami nikaandika polepole ili wote wausome: kozi mweupe, mmoja, Januari 1971, Maud Larter na Enid Catchpole.

Kisha nikarudi ndani na kukalia kiti cha katikati, maana dirisha lake ndilo linaloelekea dimbwini. Desmond akaketi kando yangu, nikammiminia chai. Ray akaangalia ubao, akaniangalia mimi, na nikajua anachofikiri. Akitaka na afute. Chaki ninayo boksi zima, na kila Jumatano maduka hufungwa saa saba.